Damu Niliyosema Imekauka

Rafiki yangu, wewe unayeshika hizi karatasi, sura yako siijui, lakini nitaongea na wewe kama mutu ambaye tumefua naye nguo ku ziwa miaka mingi, ambaye sina kitu cha kumuficha. Neno lenyewe iko hivi. Nilisimama mu kanisa nikasema Mungu ameniponya ugonjwa wa damu, na sikukuwa nimepona. Mwanamuke mwenzangu, mwenye ugonjwa ule ule, alisikia akaamini. Yote nitakayokuambia inatoka hapo.

Nilikuwa na miaka arobaini na mbili, watoto watano, tunakaa Rumonge chini karibu na ziwa. Ilikuwa miaka ya vita. Milimani walikuwa wale wa porini, waasi, barabarani wasoda wa serikali, na sisi katikati tuliishi kwa kusikiliza. Ukisikia mabomu upande wa juu, unatoa chungu ku moto, unafunga mutoto mugongoni, unashuka ku muchanga na wengine mpaka inyamaze. Kisha unarudi, unarudisha chungu. Bwana yangu alikuwa anavua ndagala siku zile wasoda waliruhusu mitumbwi itoke. Mimi nilikuwa nakamua mawese, sisi wamama wanane ku mashini moja ya kuzungusha kwa mikono.

Kusoma nilijifunza ukubwani, mu masomo ya jioni kwenye nyumba ya kanisa. Tulianza jua likiwa bado, tukaacha mara tu saa ya kufunga barabara ilipokaribia. Ilinichukua miaka mitatu kufika kusoma barua ya mutu na kuandika yangu. Pole pole, lakini nilifika. Katika wamama wetu wa maombi, tulikuwa wawili tu tuliojua kusoma: mimi na mama muchungaji, bibi ya muchungaji wetu.

Damu ilianza kwa kuzidi tu. Siku tano za mwezi zikawa kumi, kumi zikawa majuma matatu, na ilikuja na mabonge kama maini ya kuku. Nikipanda kale kamulima ka kutoka ziwani, moyo unapiga mu masikio. Nikaanza kutamani udongo, ule mweupe wanauza ku soko. Nilikuwa nauramba nyuma ya mafungu ya chikichi kama mwizi. Wenzangu waliniona.

"Mama, huyu wa sita unamuficha wapi?" mumoja akauliza, mikono yake nyekundu ya mawese mpaka ku kiwiko.

"Iko mu mufuko wangu."

"Basi huo mufuko na bwana yako wanajuana sana."

Tukacheka wote. Mimi nilicheka nikiwa nimekaa, juu nikisimama ningeanguka.

Ku kituo cha afya, muforoma, yule wa kuangalia wagonjwa, aliminya tumbo langu akasema ni fibromi. Akanieleza kwamba ni uvimbe wa nyama unaota mu kizazi, si kansa, wanamama mingi wanao bila kujua, lakini wangu unanimaliza damu. Nikauliza dawa yake. Akasema ni kupasua tumbo, pengine kutoa kizazi chote, na mu vita hii nani atakupasua mama, na damu ya kukuongezea itoke wapi. Akanipa vidonge vyekundu. Nikarudi nyumbani.

Basi nikaenda kwa Mungu, na sioni haya kusema hivyo. Nilikuwa namwomba tangu mutoto, sikukuwa na sababu ya kuacha. Wamama wa maombi walifunga kula siku tatu juu yangu, wakaniwekea mikono. Siku ya tatu damu ikasimama. Siku ya nne, kavu. Ya tano, kavu. Jumapili mama muchungaji akanisukuma kidogo mugongoni, akasema, "Simama, mupe Mungu yake." Nikasimama. Nikasema nimepona. Wakapiga vigelegele mpaka wasoda wa barieri, kile kizuizi cha barabarani, wakaja kuchungulia.

Sasa ujue desturi yetu. Kwetu, aliyepona hasemi mara moja halafu akae. Anaandikwa mu daftari ya mashahidi, na kila Ijumaa, kama njia iko, wamama wanamupeleka shapeli kwa shapeli, zile kanisa ndogo za kando ya ziwa, upande wa Kabezi na upande wa Nyanza-Lac, akaseme na huko. Na shahidi wa uponyaji harudi kwa muganga wa kituo ama wa lopitali juu ya ugonjwa ule ule. Haikuandikwa popote. Lakini kila mutu aliijua. Ukirudi kwa muganga, umemufanya Mungu kuwa muongo mbele ya watu.

Siku ya kumi na moja damu ikarudi.

Nilijiambia ni mwezi wangu wa kawaida. Kisha nikajiambia ni jaribu, lipite. Kisha sikujiambia kitu tena, nilikuwa naficha tu. Na kuficha kwetu kulikuwa rahisi kuliko unavyofikiri. Pale tunapooshea mapipa ya mawese, maji yanayoshuka ziwani iko nyekundu siku zote, inashuka na mafuta na makapi. Saa ya chakula, wenzangu wakienda kula ugali, mimi nilibaki nikafulia vitambaa vyangu pale. Maji nyekundu yalikutana na maji nyekundu, nani atajua. Doa likitokea ku kitenge nilisema ni mawese. Mutu wa kukamua mawese hakuna anayemuuliza doa.

Nilipelekwa Kabezi, nikasema. Nilipelekwa Nyanza-Lac, kwa wamama waliorudi kutoka Tanzania, Kiswahili yao imenyooka kuliko yetu, wakakaa ku majamvi wakinitazama. Nilikuwa nimefunga vitambaa vitatu. Nikiwa katikati ya kusema "ikakauka kabisa," nikasikia inashuka ku paja mpaka ndani ya kiatu. Sikuacha kusema. Nilimaliza maneno yote, nikaimba nao, nikaenda nikikanyaga utelezi ndani ya kiatu changu mpaka ku gari. Siku ile nilijua mimi ni muongo. Mbele ya pale ningeweza kusema sikujua.

Nikuambie juu ya mushonaji. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, watoto wawili, anashona ku baraza ya nyumba yake kwa cherehani ya mukono. Alikuwa mu kundi letu la maombi, mwanamuke wa kuchekesha, hata ku matanga watu waliogopa kukaa karibu naye juu angewachekesha. Sikujua anaumwa. Yeye pia alikuwa anaficha, lakini kwa heshima tu, si kwa uongo.

Alinikuta ku mawese saa ya chakula, niko peke yangu, vitambaa nimeviingiza haraka chini ya ndoo.

"Mama," akasema, akachuchumaa mbele yangu, "nikuulize kama mutoto anavyomuuliza mama yake. Ile damu ilikauka kweli?"

Nilikuwa natoka damu saa ile ile nikimutazama.

"Ilikauka."

"Haijarudi hata tone?"

"Hata tone."

Akatoa karatasi kifuani. Akanieleza: muganga mumoja kutoka Buja, kule mji mukubwa, alipita Rumonge siku moja, akamuangalia, akasema ana fibromi inayotaka kutoka yenyewe, akamuandikia karatasi aende Buja. "Alisema hatapasua tumbo," akasema. "Eti anapita chini, ku mulango. Nikamuambia, muganga, mulango huo iko na mwenyewe, uombe ruhusa kwa bwana yangu." Akacheka peke yake. Kisha akanyoosha karatasi ku goti. "Nilikuwa niende juma linalokuja. Lakini kama wewe ulikauka bila kuguswa, mimi nani nikimbie? Mama muchungaji ameniambia nichague, Mungu ama muganga. Hii karatasi uichome wewe mwenyewe ku moto wa mawese. Wewe ndiye shahidi."

Akaniwekea mukononi. Angekuwa anajua kusoma, pengine asingenipa. Mimi nilijua kusoma.

Sikuichoma. Nilingoja aondoke nikaisoma, herufi kwa herufi. Lopitali ilikuwa imeandikwa, na siku mbili za juma ambazo muganga anapokea, na jina la ugonjwa, na mustari mumoja chini aliopigia kalamu mara mbili: asikae zaidi ya mwezi mumoja. Nikaikunja, nikaiweka ku pindo la kitenge.

Haikupita juma mbili nikaanguka ku mawese, uso mu makapi. Bwana yangu alinibeba nyumbani. Usiniulize namna alivyojua damu imerudi, mwanamume anayelala na wewe anajua. Aliniwekea maji ya kunywa, akakaa ku kiti cha mulangoni, akauliza bila kunitazama:

"Hii kanisa inataka shahidi ama inataka maiti?"

Nikamuambia yote, na karatasi nikamuonyesha. Aliishika upande wa kichwa chini, hakusoma yule.

"Wewe unasema kuna mutu anaondoa hii kitu bila kupasua."

"Iko imeandikwa."

"Basi unangoja nini?"

"Mimi ni shahidi."

"Mungu hakukutuma useme kitu hakufanya," akasema. Akaenda kutafuta gari.

Kwa wamama nilisema naenda Buja ku matanga ya mama mudogo. Uongo wa pili, na ulitoka rahisi kuliko wa kwanza. Asubuhi ya kuondoka nilipita kwa mushonaji, binti yangu mukubwa nyuma yangu na mufuko. Alikuwa anashona nguo ya shule, mukono unazungusha cherehani, anapumuzika, anazungusha. Kucha zake zilikuwa nyeupe kama chaki. Nilisimama mbele yake na karatasi yake ndani ya kitenge changu.

"Unaenda wapi na binti mukubwa hivi?"

"Ku matanga, Buja."

"Mpore, mama, pole sana. Uwasalimie wafiwa. Ukiona uzi mweusi kule, niletee."

Nikasema nitaleta. Hapo ndipo ilikuwa nafasi yangu ya kumuambia ukweli. Nilihesabu baadaye, ilikuwa hatua nne kati ya kiti chake na mahali niliposimama.

Magari yalikuwa yanaenda kwa musafara, wasoda mbele na nyuma. Ku barieri moja tulishushwa wote, kila mutu afungue mufuko wake. Musoda aliyefungua wangu alikuwa kijana, alitia mukono akatoa vitambaa vyangu vilivyokunjwa, vingi, vya madoa. Alivitazama, akanitazama uso. Akavirudisha yeye mwenyewe, akafunga kamba vizuri.

"Pita, mama."

Sijawahi kumusahau kijana yule. Alikuwa mutu wa kwanza nje ya nyumba yangu kujua ukweli, na hakunihukumu.

Lopitali ile ilikuwa imejaa. Waliopigwa risasi walilala mu njia za kupitia, chini, ku mikeka, na warwaza wao, wale wanaokuja kulinda wagonjwa, walikuwa wanapika nje ku majiko. Binti yangu akawa murwaza wangu, miaka kumi na tisa. Tulingoja siku mbili. Muganga aliponiita alikuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi. Alisoma karatasi, akanitazama.

"Hii si wewe."

Akaigeuza karatasi, akaisoma tena.

"Huyu nilimuangalia mimi mwenyewe. Mushonaji. Alinichekesha nikaandika vibaya, nikachana nikaandika tena. Yeye iko wapi?"

"Rumonge."

"Kwa nini yeye yuko Rumonge na karatasi iko hapa?"

Nikasema atakuja. Nikasema mimi pia niko na ugonjwa huo. Akasema nipande ku kitanda. Muforoma wake, mama muzee mwenye mikono ya moto, alinishika goti. "Legea, mama," akasema. "Umezaa watano, hiki chuma ni kijukuu tu."

Muganga alipomaliza kuangalia alinieleza kwa Kirundi, pole pole, na alinichorea ku kipande cha karatasi. Kizazi changu kilikuwa na uvimbe mitatu. Miwili mu ukuta, midogo, haina neno, itasinyaa yenyewe nikifika umri wa kukoma. Wa tatu umeota ndani kwa kikonyo kama tunda, na uzito wake umeuvuta mpaka umetokeza ku mulango wa kizazi. Huo ndio ulikuwa unanimwaga damu.

"Nikikupasua tumbo nahitaji mifuko miwili ya damu, pengine mitatu," akasema. "Unaona wale wamelala kule nje. Damu yote ni yao. Lakini huu nitaushika kwa chini, nitauzungusha mpaka kikonyo kikatike, nitafunga. Hakuna kisu ku tumbo. Utarudi kwako kwa miguu yako."

"Na yule mushonaji?"

"Wake iko vilevile, ila mukubwa, na unaoza. Ndiyo maana nilipiga mistari miwili." Akafunika kalamu. "Akija wiki hii, nitamupitisha mbele ya watu wote."

Binti yangu alitoa damu yake, mufuko mumoja, ikaingia kwangu. Kesho yake wakanichoma sindano ya mugongo, miguu ikawa ya mutu mwingine. Niliomba nikiwa macho. Nilisikia vyuma, nikasikia muganga anauliza taa isogezwe, nikasikia umeme umekatika na muforoma akiwasha tochi bila kusema kitu, kama mutu aliyezoea. Haikukaa hata saa moja. Alinionyesha mu bakuli: kitu cha nyama, cheupe na chekundu, kama yai la bata. Kitu kile kilikuwa kimenifanya nidanganye watu kutoka Kabezi mpaka Nyanza-Lac.

Jioni ile nililala ku kitambaa kikavu. Asubuhi kikavu. Nililia kwa sababu ilikuwa kavu ya kweli na hakukuwa na mutu wa kumushuhudia.

Siku ya tatu muganga aliniruhusu. Lakini njia ilikuwa imefungwa, walikuwa wanapigana juu ya barabara, hakuna musafara. Nikaambiwa gari moja la ndagala litajaribu peke yake, bila kubeba watu. Nikaomba karatasi kwa muforoma, nikaandikia mushonaji.

Sasa sikiliza vizuri, rafiki, juu hapa ndipo dhambi yangu iko. Mushonaji hakujua kusoma. Barua za kundi letu lote zilisomwa na mama muchungaji. Nilijua kila neno nitakaloandika litapita mu mudomo ule. Nilianza kuandika: mimi sikupona, nilikuwa natoka damu. Nikaitazama ile mistari. Nikaichana. Nikaandika ingine: Dada, njoo Buja haraka, muganga anakungoja, usikawie, mimi mama yako nakuomba. Hiyo tu. Nilijiambia inatosha, ataelewa. Nikampa dereva.

Njia ilikaa imefungwa juma moja na siku mbili. Kila siku niliangalia mulango wa lopitali, labda ataingia akichekesha watu. Muganga naye alikuwa akipita ananiuliza kwa macho tu, mimi natikisa kichwa.

Tulipofika Rumonge, mutu wa kwanza kunisalimia alikuwa mwenzangu wa mawese, alikuwa anauza ku soko. "Karibu, mama. Matanga ya Buja iliisha, umerudi ku ingine," akasema. Alifikiri najua. Mushonaji alikuwa amezikwa siku nne mbele ya sisi kufika.

Bwana yake alikuja kwangu kesho yake. Alikuwa fundi wa mitumbwi, mutu mukubwa, na alikaa ku kiti kile cha mulangoni kama mutu aliyeogopa kukivunja. Alitoa barua yangu. Ilikuwa na alama za vidole vingi.

"Ilifika," akasema. "Alikuwa bado na nguvu ya kukaa. Mama muchungaji alikuja akatusomea. Bibi yangu akasema, isome tena. Akasoma tena. Akasema, hii si ya mama yule. Mama yule alikauka bila muganga. Kwa nini anitupe mimi kwa muganga?" Akageuza barua, akatazama nyuma yake kama vile kuna ingine. "Mama muchungaji akasema pengine ni adui ameandika ili kumujaribu. Bibi yangu alicheka. Akasema, adui mwenyewe ana mwandiko mubaya hivi. Halafu akalala, hakuinuka tena."

Akaiweka barua ku goti.

"Nakuuliza kitu kimoja, mama. Siku ile alipokuuliza ku mawese, ulikuwa umekauka?"

"Hapana."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Nilikuwa natoka damu nikimujibu."

Alikunja barua, akaiweka mu mufuko wa shati, akafunga kifungo. Hakunipiga, hakunitukana. Ningependa angefanya.

"Basi yeye alikufa akikuheshimu," akasema, akaondoka.

Jumapili nilienda kanisani. Bwana yangu aliniuliza kama nina nguvu, nikasema nguvu sina lakini miguu iko. Wakati wa ushuhuda nilitoka mbele. Mama muchungaji alitabasamu, alifikiri naleta neno juu ya safari, akaanza kupiga makofi kidogo kidogo, na wengine wakamufuata. Niliwangoja wamalize.

Nikasema: "Nilisimama hapa nikasema nimepona. Damu ilirudi siku ya kumi na moja. Niliificha. Mushonaji aliniuliza nikamudanganya. Mimi nilienda kwa muganga na karatasi yake. Yeye alibaki na neno langu."

Mutoto mumoja alikohoa.

"Mama, keti," mama muchungaji akasema, sauti ya chini.

"Sijamaliza."

"Keti, unaumiza kanisa."

"Kanisa lilikwisha kuumia, tulimuzika. Uvimbe huu unaondolewa. Wangu uliondolewa kwa chini bila kisu ku tumbo, niliuona mu bakuli. Mungu hakukataza. Ni mimi nilikataza, kwa mudomo wangu."

Nikaketi. Walifungua daftari ya mashahidi baada ya ibada, wakapiga mustari juu ya jina langu. Niliona wakifanya. Wamama wawili hawakunisalimia tena mpaka leo. Mama muchungaji alinisalimia, lakini kwa mukono wa kushoto, huku wa kulia ukishika mutoto wa mutu. Nilibaki mu kanisa ile ile. Watu wameniuliza kwa nini sikuhama. Ningehama niende wapi, na deni la neno langu iko hapa? Nakaa benchi la nyuma karibu na mulango, naomba kama zamani. Mungu hakunifukuza, na mimi sikutoka.

Nilipokuwa natoka siku ile, bwana ya mushonaji alikuwa nje, ameegemea ukuta. Hakuwa ameingia, alisikilizia dirishani.

"Ulisema hapa," akasema. "Na Kabezi? Na Nyanza-Lac? Kule wamama wanangoja kukauka kama wewe. Nani atawafuata?"

Nikawafuata. Sasa hakuna aliyenipeleka, nilienda peke yangu siku ambazo njia ilifunguka, nikakalia mizigo ya watu. Shapeli ingine hawakunipa nafasi, nikasemea nje wakitoka. Nyanza-Lac mama mumoja aliniambia, kwa ile Kiswahili yake safi, "Ulituletea mkate, sasa unatuambia ulikuwa jiwe, na sisi tumekwisha kuula." Kabezi, mwanamuke mumoja alinifuata nyuma ya kanisa, akakunja kitenge kidogo tu nione alichofunga ndani. Nilimuandikia lopitali na siku. Sijui kama alifika. Juma lile njia ilifungwa tena, na muganga yule walimuhamisha mbele ya mwaka kuisha, aliyekuja nyuma yake alijua kupasua tumbo tu. Wengine wawili niliwakuta wamekwisha kuzikwa. Kama ni juu yangu ama ni juu ya vita, nimekwisha kuacha kupima.

Sijafika shapeli zote. Neno la kwanza lilienda mbali kuliko miguu yangu, lilichukuliwa na watu wa ndagala, watu wa mawese, wakimbizi waliovuka maji, na kila mumoja alilibeba kwa moyo muzuri. Ndiyo maana nimeandika, mimi mwenye mwandiko mubaya. Rafiki, nakuomba, usikae na hii peke yako. Mupe mwenzako, mupe binti yako, usome kwa sauti mbele ya mwanamuke asiyejua kusoma, na umuambie damu ya kupita kiasi haifichwi, aende aangaliwe, aombe akiwa njiani. Na ukisoma, usiruke pale niliposema nilidanganya. Mimi niliruka pale mara moja, mu barua.